Kutoka Shaba ya Katanga hadi Mbaula ya Pipa: Historia ya Mafundi Wetu wa Chuma



Ndugu wazazi na wasomaji wetu, ukitembea katika ufuo huu wa Ziwa Mweru, kuanzia soko la Kashikishi pale Nchelenge hadi huku Chienge, hutakosa kusikia sauti ya nyundo. Fundi amekaa kivulini, mbele yake pipa lililokwisha mafuta, na kabla ya adhuhuri pipa lile limekuwa mbaula mbili tatu. Jirani yake anachomelea nondo za dirisha, na wa tatu anageuza rimu ya gari kuwa kiti cha kuwekwa mbele ya duka. Watoto wetu wanawapita kila siku wakienda chuoni na shuleni. Lakini waulize nani kati yao anataka kuwa fundi wa vyuma, na utaona mikono haiinuki. Wamekwisha kusikia kwetu sisi wakubwa kwamba ile ni kazi ya aliyeshindwa masomo.

Lengo la makala hii ni kuonyesha kwamba rai hiyo haina msingi katika historia. Kazi ya yule fundi ni kongwe kuliko mipaka ya nchi hizi, na tangu zamani imeishi kwa jambo moja, nalo ni kukirudisha kazini chuma kilichokwisha kutumika. Na historia hiyo hiyo inatuonyesha pia masharti ambayo bila ya hayo kazi hii hugeuka kuwa madhara.

KABLA YA MISAFARA

Ng'ambo ya magharibi ya ziwa letu ndiko iliko Katanga, nchi ya shaba. Ndugu zetu Wabemba huiita shaba mukuba, na sisi tunaiita shaba. Jina hilo la Kiswahili ndilo serikali ya Mobutu ililoipa Katanga yote kuanzia mwaka 1971 hadi 1997, jimbo zima likaitwa Shaba.

Mafundi wa kule walichimba mawe ya kijani, wakayayeyusha kwa mkaa katika matanuri madogo ya udongo, kisha wakamimina shaba katika kalibu. Kalibu nyingine zilikuwa na umbo la msalaba wa X. Hapa nawatahadharisha wasomaji wasichanganye mambo, maana umbo hilo halikuhusiana na Ukristo. Vipande hivyo vilianza kutengenezwa karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza kufika. Vilikuwa ni mali na ni fedha. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamevikuta makaburini katika bonde la Upemba huko Kongo, na pia Ingombe Ilede, kusini mwa Zambia karibu na mto Zambezi. Katika makaburi ya Ingombe Ilede, ambayo ni ya karne ya 15 na 16, walikuta vipande vya shaba pamoja na vifaa vya kuvutia waya.

Hebu tulitazame jambo hilo vizuri, maana hapo ndipo ilipo siri ya biashara yenyewe. Kipande cha shaba hakikuwa mwisho wa safari. Aliyekipata aliweza kukitunza kama fedha, na siku akihitaji, fundi alikitia motoni akakivuta kuwa waya, na waya ule ukasukwa kuwa bangili au urembo wa mpini wa shoka. Bangili ikikatika haikutupwa, ilirudi motoni. Shaba ile ile iliweza kupita mikononi mwa babu, mwana na mjukuu, kila mmoja ikiwa na umbo jingine.

Ama chuma, hicho kilikuwa na matanuri yake. Kaskazini-mashariki yetu, huko Ufipa kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, mafundi walijenga matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila ya mtu kupuliza mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kwa hiyo kilisafishwa mara ya pili katika tanuri dogo la mivukuto, ndipo kikafuliwa kuwa jembe. Jembe nalo lilikuwa ni zana shambani, ni mahari, na ni bidhaa. Likichakaa lilifuliwa upya likawa kisu au mshale. Waliokuwa wakijua kazi hii walikuwa watu wa kuheshimiwa, na pengine wa kuogopwa.

WATU WA PWANI WALIPOFIKA

Habari za shaba zilisafiri mbali. Mwaka 1806 wafanyabiashara wawili kutoka Angola, Pedro João Baptista na mwenziwe Amaro José, walifika kwa Kazembe, mfalme wa Walunda wa bonde la Luapula, na walipokuwa njiani walipita katika machimbo ya mawe yale ya kijani. Baadaye misafara ya Waarabu na Waswahili ikaja kutoka Bagamoyo na Tabora. Wasumbwa wa magharibi ya Tabora nao walikuja kutafuta shaba, na kati yao akatoka Msiri, aliyejenga dola yake Bunkeya, Katanga, katikati ya karne ya 19. Watu wake, Wayeke, walisifika kwa kuvuta waya mwembamba wa shaba.

David Livingstone aliliona Ziwa Mweru kwa mara ya kwanza tarehe 8 Novemba 1867. Kwa Kazembe alimkuta Mwarabu, Mohammed bin Saleh, aliyekwisha kukaa huko kwa miaka. Katika shajara zake Livingstone aliandika juu ya vipande vizito vya shaba ya Katanga vyenye umbo la herufi I, ambavyo wenyeji walivivuta kuwa waya wa bangili za mikono na miguu. Mwaka huo huo Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, alipigana na Nsama, mtawala wa Watabwa jirani zetu wa mashariki, akamshinda. Katika maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, anataja mali aliyoikuta kwa Nsama, na ndani yake, mbali na pembe nyingi za ndovu, zilikuwamo frasila 700 za shaba. Frasila moja ni kama kilo 16, basi hizo ni tani 11 hivi. Tufikirie, hayo yote yalibebwa kwa vichwa na mabega ya watu.

Na hapa, ndugu wasomaji, haifai tuinyamazie historia kwa kuwa waliohusika wengine walikuwa ndugu zetu katika dini. Misafara iliyoleta nguo, shanga na lugha yetu ndiyo iliyoleta bunduki na minyororo. Wafanyabiashara wa pwani, kama Abdullah bin Suleiman aliyejiimarisha katika nchi ya Watabwa mwishoni mwa karne ile, waliishi katika biashara ambayo ndani yake watu walinunuliwa na kuuzwa. Chuma kile kile kinachofuliwa kuwa jembe la kulisha familia kiliweza kufuliwa kuwa pingu ya shingo. Nabii Daudi alilainishiwa chuma ili atengeneze deraya za kuwalinda watu, na sura ya 57 ya Qur'ani imepewa jina la chuma, Al-Hadid. Somo ni kwamba neema hii ina pande mbili, na mtumiaji ataulizwa.

TANURI LILIPOZIMIKA

Mwaka 1891 ulibadilisha mambo. Waingereza walifungua kituo chao hapa Chienge, wakakiita Rhodesia, na tarehe 20 Desemba mwaka huo Msiri aliuawa Bunkeya na msafara wa Kapteni Stairs, uliokuwa ukimtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Katanga ikaingia mikononi mwa Wabelgiji na upande wetu ukabaki kwa Waingereza. Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya Union Minière, na mwaka 1911 tanuri lake kubwa lilianza kuyeyusha shaba Lubumbashi. Shaba sasa ilikwenda Ulaya kwa reli.

Hapa kijijini matanuri ya udongo yalizimika moja baada ya jingine. Sababu zake zinaeleweka. Majembe ya kiwandani yaliletwa kutoka ng'ambo kwa bei ambayo mfua jembe hakuiweza, kwa sababu kuyeyusha mawe kulihitaji siku nyingi, mkaa mwingi na watu wengi. Kodi ya vibanda nayo ilidai fedha taslimu, na vijana wakaenda kuitafuta katika migodi ya Katanga, na baadaye ya Kopabelti.

Lakini angalia vizuri ni kitu gani kilichokufa. Kilichokufa ni kuyeyusha mawe. Kufua hakukufa! Mhunzi aliyenyimwa chuma cha mlimani alikitafuta chuma barabarani. Kila jembe la kiwandani lililovunjika, kila gari lililokwama moja kwa moja, kila pipa lililokwisha petroli, kwake vilikuwa ni mgodi mpya. Ndiyo maana nasema kwamba fundi wa mapipa ni mrithi halali wa mfua shaba wa zamani.

ELIMU ILIYOMO NDANI YA CHUMA CHAKAVU

Wanaodhani kazi hii haina elimu wamuulize fundi kwa nini panga halitengenezi kwa bati la pipa. Atakujibu kwamba bati lile ni laini. Kwa lugha ya darasani, lina kaboni kidogo sana, kwa hiyo linakunjika, linakatika kwa tindo na linaunganika kwa urahisi. Linafaa mbaula, karai, sanduku na bomba la kumwagilia bustani. Kwa panga, shoka na jembe atatafuta springi ya lori. Chuma cha springi kina kaboni zaidi, hivyo kikitiwa moto hadi kiwe chekundu kisha kikazamishwa majini au katika mafuta, hukakamaa na kushika makali. Akikipoza vibaya kitavunjika kama kigae. Kwa geti na kizuizi cha dirisha atatumia nondo na bomba. Kwa sufuria atayeyusha aluminiamu na kuimimina katika kalibu ya mchanga. Haya yote anayajua kwa macho, kwa rangi ya moto na kwa mlio wa nyundo juu ya fuawe. Hiyo ni kemia, ijapokuwa hakuisoma kwa kalamu.

Mbaula yenyewe ina ndugu zake. Kenya na Tanzania huitwa jiko, na huko Nairobi mafundi wa vyuma chakavu ndio walioitoa katika umbo lake jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulibuniwa jiko la bati lenye kiuno chembamba na kitako cha udongo wa kuchoma ndani yake. Udongo unashika joto, kwa hiyo mkaa unapungua kwa asilimia 30 hadi 50 ukilinganisha na jiko la bati tupu. Wataalamu walichora, lakini waliolifanya liingie katika kila jiko la nyumba ni mafundi wa mitaa kama Shauri Moyo, waliolikata kwa mikono kutoka katika mabati ya zamani. Kwa sisi tunaoona misitu yetu ikigeuka mkaa, jambo hilo si dogo.

Mafundi hao wa Nairobi ndio walioitwa jua kali, kwa sababu walifanya kazi bila ya paa. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliushangaza ulimwengu kwa kusema kwamba watu hawa si mzigo, bali ni sehemu hai ya uchumi. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, na baada ya hapo wakajengewa mabanda. Jina la dhihaka likageuka kuwa jina la heshima.

SILAHA ZILIPOKUWA VITI

Msumbiji walikwenda mbali zaidi. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 1992, na nchi ikabaki imejaa bunduki. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la huko, likiongozwa katika jambo hili na Askofu Dinis Sengulane, lilianza kuwapa watu majembe, vyerehani na baiskeli kwa badala ya silaha. Bunduki zilikatwakatwa, na wasanii wakapewa vipande. Mwaka 2001 Cristóvão Canhavato, maarufu kwa jina la Kester, aliunganisha vipande hivyo akatengeneza kiti cha enzi, ambacho sasa kimo katika Makumbusho ya Uingereza, London. Unaona mitutu na vitako vya bunduki, na juu yake mtu anaweza kukaa akapumzika.

Sisi wa ufuo huu tunaielewa maana yake. Mwezi Desemba 2000, vita vya Kongo vilipoifikia Pweto, maelfu ya raia na askari walivuka kuingia Zambia, na magari ya vita yakaachwa yameungua karibu na kivuko. Wengi wa waliovuka walikuwa jamaa zetu, kwani Wabwile wako pande zote mbili za mpaka. Chuma cha vita kikikatwa kikawa geti la nyumba au benchi la bustani, hilo si urembo tu, ni tangazo kwamba watu wanataka kuishi.

MAMBO MATATU YA KUANGALIA

Pamoja na sifa hizo, kazi hii ina mitego, na mzazi mwenye kutaka mwanawe aijifunze au mwenye kuagiza geti ni vizuri aijue.

La kwanza ni asili ya chuma. Si kila chakavu ni halali. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya umeme ilianguka karibu na Nairobi na nchi nzima ya Kenya ikaingia gizani, na waliotuhumiwa ni wezi wa vyuma. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu, na ilifunguliwa tena mwezi Mei. Kwa miezi hiyo mafundi waaminifu walikaa bila ya kazi kwa dhambi za wengine. Waya wa umeme, alama ya barabara, kifuniko cha shimo na nondo ya daraja ni amana ya watu wote. Anayenunua huku akijua vilikotoka, ameshiriki. Fundi mzuri huuliza, na mteja mzuri pia huuliza.

La pili ni sumu. Betri kuukuu za magari zina madini ya risasi, na madini hayo huharibu akili za watoto pasipo dalili za haraka. Hapa Zambia mji wa Kabwe unabeba mzigo huo mpaka leo, ingawa mgodi wake ulifungwa mwaka 1994. Na Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisababisha maradhi na vifo kabla ya kufungwa mwaka 2014. Mama mmoja aliyefanya kazi humo na ambaye mwanawe aliathirika, Phyllis Omido, aliongoza madai. Mwaka 2020 mahakama iliwaamulia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo mwaka 2024. Basi betri zisiyeyushwe nyumbani kamwe. Vilevile tujihadhari na sufuria za aluminiamu iliyochanganywa na mabaki ya injini na redieta. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 kutoka nchi 10, zikiwemo Kenya na Tanzania, na takriban theluthi moja vilitoa risasi ya kuhatarisha afya. Chuma chakavu kwa geti, meza na mbaula ni salama. Kwa chombo cha kupikia chakula, hasa chakula chenye ndimu au nyanya, tuwe waangalifu. Na fundi asikate pipa lililofungwa bila ya kulifungua na kuliosha, kwa sababu mvuke wa mafuta uliobaki hulipuka, wala asichomelee bati la zinki mahali pasipo na hewa.

La tatu ni ujira. Sahaba Khabbab bin al-Aratt alikuwa mhunzi wa panga Makka. Alimfanyia kazi Al-As bin Wail, na alipokwenda kudai haki yake aliambiwa hatalipwa mpaka amkane Mtume (s.a.w.). Hakukana. Habari hiyo ina zaidi ya miaka 1,400, lakini wangapi leo wanaagiza geti, wanalifunga, kisha wanamzungusha fundi miezi mitatu? Tukiwa tunamdhulumu fundi, tusishangae watoto wetu wakiikimbia kazi yake.

NENO LA MWISHO

Imepokewa kwamba kikombe cha Mtume (s.a.w.) kilipopasuka, kiliungwa kwa waya wa fedha kikaendelea kutumika, na kwamba alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe. Kutengeneza kilichoharibika si unyonge, bali ni adabu ya anayejua thamani ya kitu.

Basi wazazi, likizo ijayo mpelekeni mtoto kwa fundi wa jirani, akae naye siku mbili, amuulize chuma hiki kimetoka wapi na kwa nini amechagua hiki akaacha kile. Na mkihitaji rafu ya duka, kizuizi cha dirisha au kiti cha bustani, kabla ya kuagiza kilichotoka mbali, mfikirieni aliye karibu, mkubaliane bei kwa uwazi na mumlipe kwa wakati. Wafua shaba wa Katanga waliacha bangili ambazo tunazisoma leo kama kitabu. Nasi tuangalie tunawaachia nini watakaokuja.

Wallahu a'lam.